Damu ya Walioitikia

Daktari Nyamizi alipofika Ifakara mwezi wa nane mwaka 1996, watu wa mtaani walimwuliza anafanya kazi gani, akawajibu kuwa yeye ni mtafiti. Wakauliza tena: mwajiriwa wa nani? Hapo alicheka kidogo tu. Alikuwa amemaliza shahada ya uzamivu Ulaya, katika elimu ya kinga ya mwili, na sasa alikuwa kwenye ngazi ambayo wenyewe huiita postidoki. Nilimwomba anieleze ngazi hiyo, maana sipendi kufanya kazi chini ya cheo nisichokielewa.

"Ni mtu aliyemaliza kusoma, Mzee Hermenegildi, lakini kazi yake bado haijaanza," alisema. "Unapewa miaka miwili, na wangu mmoja umeshaishia Ulaya. Ukigundua jambo jipya, unaongezwa miwili mingine, au chuo kinakuchukua moja kwa moja. Usipogundua, unarudi ulikotoka na vyeti vyako."

"Na ukigundua kwamba jambo ni lile lile la siku zote?"

"Hilo halimfurahishi mtu, Mzee."

Mradi wetu ulikuwa mdogo. Chuo kimoja cha Ulaya, nisichokitaja, kilikuwa kimepanga nyumba ya vyumba vitano kwenye barabara ya Kibaoni, kikaweka friza mbili, jenereta, mashine ya kuzungusha damu, na meza ndefu chini ya dirisha. Profesa mwenye mradi alibaki kwao. Faksi zake zilipokelewa Dar es Salaam, kisha zikaletwa na kondakta wa basi ndani ya bahasha. Hapa tulikuwa watatu: Daktari, Edward, kijana wa Morogoro mwenye cheti cha maabara, ambaye ndiye aliyechanja watu na kuwatoa damu, na mimi.

Nilikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Nilianza kusoma nikiwa na thelathini na mmoja, katika darasa la jioni, nikitoka kufagia wodi, na kwa miaka kumi na minne nikapanda kutoka ufagio hadi darubini. Cheti changu hakikuwa cha kumwonyesha mtu. Nilichokuwa nacho ni macho, na waliofanya kazi nami wanajua.

Swali la Daktari lilikuwa hili. Huko Ulaya wazee huchanjwa kila mwaka dhidi ya mafua makali, yale yanayoua, si haya ya kupenga kamasi. Wazee wa bonde la Kilombero hatuchanjwi, na tena damu zetu zina vimelea vya malaria karibu mwaka mzima, hata tunapotembea na kulima kama wazima. Je, mwili ambao haujamaliza vita moja unaweza kufundishwa vita nyingine? Akachukua wazee mia mbili na arobaini waliotimiza miaka hamsini na mitano. Upande wa Ifakara, mia moja na ishirini walipewa kwanza dawa za kuondoa malaria, kisha chanjo. Ng'ambo ya mto, Lupiro, mia moja na ishirini wengine walipewa chanjo tu. Dawa wangepata utafiti ukiisha. Kila mtu alitakiwa kutoa damu mara mbili: siku ya chanjo na siku ya ishirini na nane. Damu ya kwanza ilieleza mtu alikuwa na kinga kiasi gani, na ya pili ilieleza chanjo imeongeza nini.

"Nikikosa ya pili, ya kwanza naimwaga," Daktari alituambia. "Kila jina litakalokosekana ni tundu katika kazi yangu."

"Halitakosekana hata moja," nilimjibu. Orodha ilikuwa mikononi mwangu, na katika miaka yote ya kuandika orodha za watu sikuwahi kurudi na pungufu.

Mwezi wa kumi na moja tulivuka Kivukoni kwa pantoni, tukaweka meza zetu katika ghala la ushirika pale Lupiro. Balozi wa nyumba kumi, Kelestini, mtu mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, alikuwa amewakusanya watu tangu asubuhi.

"Daktari, wewe ni mtu wa wapi?" mzee mmoja aliuliza huku akikunja mkono wa shati.

"Baba yangu ni Msukuma wa Kahama, baba."

"Ahaa! Ng'ombe wa wajomba zako walimaliza mpunga wangu mwaka jana. Sasa wamekutuma wewe umalize damu."

Ghala zima likacheka. Daktari naye akacheka. "Ng'ombe hawakuomba ruhusa, baba. Mimi naomba. Ukikataa narudi nyumbani."

"Chukua, chukua. Ila usiwape ng'ombe wakainywa."

Dada yangu Kandida, mjane wa Raimundi, alikuwa wa pili katika foleni. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na alichomwa bila kukunja uso. "Kaka," aliniambia, "nilizaa saba. Hii ni nini?"

Ifakara tulikuwa tumeshamaliza; kwa Lupiro siku ya ishirini na nane iliangukia katikati ya mwezi wa kumi na mbili. Mvua zilikuwa zimeanza, na asiyelijua bonde hili hajui maana yake. Mvua zikianza, watu wa Lupiro huhamia mashambani, mwendo wa saa tatu au nne kwa miguu, wakakaa kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, wakilinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe hadi mavuno. Lakini kwetu aliyehamia shamba hajaondoka kijijini. Jina lake linabaki, na aliyebaki nyumbani huliitikia. Iwe kufyeka barabara, iwe kikao cha shule, iwe zamu ya kufagia kanisa, balozi anasoma orodha, jina linaitwa, mtu wa nyumba hiyo anaitikia na kuifanya kazi ya mwenzake. Aibu ni ya nyumba isiyoitikiwa. Nimelelewa hivyo, na mpaka siku ile sikuwahi kuuita huo uongo.

Daktari alikaa nyuma kabisa akizipanga damu kwenye sanduku la barafu. Edward alikuwa katikati na sindano zake. Edward huangalia mishipa, haangalii nyuso. Mimi nilisimama mlangoni, nikiita jina, nikiweka alama, nikimpa mtu kichupa chenye namba yake.

"Kandida, nyumba ya marehemu Raimundi."

"Hapa," aliitikia mwanamke.

Nikainua macho. Alikuwa Careen, mke wa shemeji yake Kandida, mwanamke ambaye hata hamsini alikuwa hajafika.

"Shemeji, nimemwita Kandida."

"Nami nimekuitikia, shemeji. Dada yuko bondeni, ndege wameingia shambani. Unataka nyumba yake isemwe?"

"Mzee Hermenegildi!" Kelestini alipaza sauti kutoka kwenye foleni. "Watu wana kazi zao! Foleni haisogei!"

Nilitazama orodha. Alama zilishuka ukurasa mzima bila kuruka mstari. Nikajiambia kwamba mtu mmoja katika mia mbili na arobaini ni punje katika gunia. Nikampa Careen kichupa cha Kandida.

Jioni tukiwa kwenye pantoni Daktari alinipa mkono, akaushika kwa mikono yake miwili. "Mia mbili na arobaini kwa mia mbili na arobaini," alisema. "Profesa hatasadiki. Huko kwao wakipata tisini katika mia wanafanya sherehe." Niliipokea sifa hiyo, na nilipofika nyumbani nikamsimulia mke wangu.

Mwezi wa kwanza na wa pili tulikuwa mezani. Kazi yenyewe ni hii: unachukua maji ya damu ya mtu, unayapunguza makali hatua kwa hatua katika sahani ya plastiki yenye vishimo tisini na sita, unaweka virusi vya mafua vilivyouawa, kisha unaongeza chembe nyekundu za damu ya jogoo. Tulifuga majogoo watatu uani kwa ajili hiyo, na majirani wakaeneza habari kwamba tunatengeneza supu ya uchawi. Baada ya dakika arobaini unasoma. Palipo na kinga, chembe za jogoo hutua chini katikati ya kishimo, kitone chekundu kama kifungo. Ukiinamisha sahani, kitone kinatiririka kama chozi. Pasipo na kinga, damu inatanda kishimo kizima kama utando. Kati ya kifungo na utando kuna hali za katikati, na hapo ndipo msomaji anatofautiana na mtazamaji. Nilisoma sahani mia tatu na kitu. Niliona namba tu. Majina Daktari aliyafungia kabatini, hata yeye mwenyewe asiyaone mpaka mwisho.

Mwisho wa mwezi wa pili akafungua kabati, akajifungia chumbani na karatasi zake siku mbili. Alipotoka alikuwa amebadilika uso.

"Ifakara kinga imepanda mara sita," alisema. "Lupiro mara mbili tu. Mnaelewa? Malaria inaizuia chanjo! Ukimtibu mzee kwanza, chanjo inashika. Hakuna mtu aliyewahi kulionyesha hili kwa mafua."

Faksi ya Profesa ilikuja baada ya siku tano, kurasa tatu za mwandiko wa mkono. Daktari angesoma matokeo yake kwenye kongamano mwezi wa tisa, jina lake lingetangulia kwenye makala, na miaka miwili mingine ilikuwa kama imeshapatikana. Alinunua kitoga mkubwa, samaki wa mto wetu, mke wangu akampika, tukala wote kwa wali wa Lupiro. Siku hiyo Daktari alinieleza kuwa mama yake Kahama alikuwa akimwuliza kila mwezi lini atapata kazi ya kueleweka. Sasa alikuwa na la kumjibu.

Ila palikuwa na mwiba. Wazee ishirini na wawili wa Lupiro hawakuwa wamekosa kupanda tu. Kinga yao ilikuwa imeshuka: damu ya kwanza ina kinga nyingi, ya pili haina kabisa.

"Hili haliwezekani," Daktari alisema. "Kinga haianguki hivyo katika siku ishirini na nane, tena baada ya chanjo. Tumekosea kusoma."

Alisema "tumekosea", lakini alikuwa akitazama miwani yangu.

Edward akadakia. "Daktari, siku zile za mawingu hata mimi vile vishimo sivioni vizuri. Sembuse Mzee."

"Nirudie kusoma," nilisema. "Wekeni sahani upya mbele yangu."

"Virusi vilivyobaki havitoshi kurudia zote, Mzee." Sauti ya Daktari ilikuwa ya upole, na upole huo ndio ulioniuma. "Nitaandika kwamba jozi ishirini na mbili zimeondolewa kwa kosa la usomaji. Ni jambo la kawaida. Kazi ndogo zilizobaki Edward atasoma. Wewe pumzisha macho, utusaidie kuosha sahani."

Nikaosha sahani siku sita. Nilijua mojawapo ya jozi hizo ni ya nani. Lakini mmoja hawi ishirini na wawili, na hesabu hiyo ilininyima raha. Jumamosi nikachukua baiskeli, nikavuka mto, nikaikokota kwenye matope hadi dungu la Kandida.

"Shikamoo, kaka. Umekuja kutusaidia kufukuza ndege?"

"Marahaba. Nimekuja kuuliza. Mwezi wa kumi na mbili Careen alikuitikia."

"Si ulikuwepo? Ulimpa wewe mwenyewe kichupa."

"Wengine je?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole, vidole vikaisha, akacheka. "Kaka, kijiji kizima kilikuwa huku. Ulidhani wale ghalani ni akina nani, mizimu?"

"Nani aliwaambia waitikie?"

"Kelestini. Alipita nyumba kwa nyumba. Akasema orodha ni ya Hermenegildi, mtoto wa hapa, amesimama na wageni, msimtie aibu. Tumekusitiri, kaka, na huna hata asante?"

"Kandida, wewe ulichanjwa. Careen hakuchanjwa."

"Sasa sisi tulijua mnatafuta nini humo? Mlisema mnataka damu ya pili. Tukawapa damu ya pili." Akarusha donge la udongo kwa kombeo, kundi la ndege likainuka. "Kama mlitaka ya kwangu, mngekuja huku. Njia si umeiona?"

Nilirudi nikisukuma baiskeli zaidi ya kuipanda. Nikinyamaza, Daktari angekwenda kwenye kongamano, na lawama ingekuwa ya macho ya mzee mmoja wa Ifakara asiyejulikana na mtu. Nikisema, ingejulikana kwamba sahani nilizisoma sawasawa, na kwamba orodha yangu haikuwa na thamani. Sitadai kuwa nilisema kwa kuipenda kweli peke yake. Nilitaka macho yangu.

Jumatatu asubuhi nilimkuta akiandika makala. Nikamweleza yote, nikiwa nimesimama. Akaweka kalamu chini.

"Wangapi?"

"Sijui. Wengi."

"Na huyo Careen, una hakika ni yeye uliyempa kichupa?"

"Nina hakika. Macho yangu hayana kasoro, Daktari."

Akaisukuma makala pembeni. "Mzee, siku hiyo nilikuwa hatua kumi kutoka ulipo. Hatua kumi."

Nikamwekea orodha mezani, kwenye mstari wa Kandida.

Alitumia virusi vichache vilivyobaki kupima upya jozi ya Kandida, akaisoma mwenyewe. Ikawa kama nilivyoandika. Hakuniomba radhi, wala sikustahili kuombwa. Kesho yake tukavuka mto. Siku tisa tulikwenda dungu kwa dungu, gari la mradi likiachwa barabarani, yeye mbele na mabuti yake, mimi nyuma na orodha. Kila mzee aliulizwa peke yake: ulikwenda ghalani mwenyewe mara ya pili, au uliitikiwa? Walijibu bila kuficha, wengine kwa fahari, wakitutajia na aliyewaitikia. Walioitikiwa walikuwa arobaini na saba.

Akawaondoa wote, akahesabu upya waliobaki sabini na watatu. Kinga ya Lupiro ilikuwa imepanda mara sita, sawasawa na Ifakara. Malaria haikuwa imezuia chochote. Ugunduzi wake ulikuwa ni Careen na wenzake, watu ambao hawakuchanjwa, wakihesabiwa kama waliochanjwa na chanjo ikakataa.

"Kumbe ni habari njema," nilisema, nikitafuta pa kushika. "Wazee wetu wanaweza kuchanjwa hivi hivi walivyo."

"Ni habari njema, Mzee. Itaje kwenye kongamano uone nani atainua kichwa."

Akamwandikia Profesa. Jibu lilichukua siku kumi na mbili, na safari hii lilikuwa limepigwa chapa. Alinisomea mwenyewe, akitafsiri sentensi kwa sentensi, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Profesa alisema kwamba maneno ya wakulima wazee, miezi mitatu baada ya tukio, si ushahidi. Ushahidi ni orodha iliyowekwa alama siku ile ile, majina yote mia mbili na arobaini, na kutiwa saini na msimamizi makini. Ziondolewe zile jozi ishirini na mbili kwa kosa la usomaji, na matokeo yabaki.

Msimamizi makini nilikuwa mimi. Saini niliiweka kwa wino wa bluu, herufi zote za jina langu, kama nilivyofundishwa darasa la jioni.

"Akitoa hao ishirini na wawili tu, uongo unabaki," Daktari alisema. "Wale wengine ishirini na watano bado wamo. Na yeye anajua. Ndiye aliyenifundisha hesabu hizi."

Nikaandika barua. Nilitumia siku tatu na kamusi, kwa Kiingereza, nikikiri kwamba alama ya Kandida niliiweka nikimwona Careen, na kwamba orodha yangu isiaminiwe. Daktari akaituma pamoja na yake, iliyosema kuwa hataki jina lake kwenye makala ya namna hiyo. Barua yangu haikujibiwa. Yake ilijibiwa kwa mistari minne: ashukuriwe kwa juhudi zake, kazi itamaliziwa na mwingine, mkataba utaisha mwezi wa sita kama ulivyoandikwa, na damu zote zisafirishwe Ulaya pamoja na orodha halisi. Edward ndiye aliyeagizwa kufungasha. Alipewa pia nafasi ya mafunzo ya miezi mitatu huko huko.

"Mzee, usinitazame hivyo," aliniambia akiwa anapanga vichupa kwenye sanduku. "Mimi sikuita jina la mtu. Mimi nilichoma nilioletewa."

Alikuwa na haki, na nilimchukia zaidi kwa hilo.

Mwezi wa tano Daktari alisema kuna deni moja lisilo la Profesa: dawa za malaria walizoahidiwa wazee wa Lupiro. Tukavuka nazo. Mavuno yalikuwa yameiva, na wengi walikuwa bado mashambani. Nikasimama mlango ule ule wa ghala, lakini safari hii nilimtaka kila mtu anionyeshe uso wake na kadi yake ya chanjo.

"Kandida, nyumba ya marehemu Raimundi."

"Hapa," alisema Careen.

"Aje mwenyewe."

"Anavuna, shemeji. Nipe nimpelekee."

"Dawa ni ya aliyeandikwa. Aje mwenyewe."

Careen aligeuka akawatazama watu, kisha akanirudia mimi. Hakupaza sauti. "Damu yangu ulipokea kwa jina lake. Dawa yake unaninyima kwa jina langu. Shemeji, hiyo elimu yenu mnaisomea wapi?"

Mtu mmoja akacheka kule nyuma, si kicheko kizuri. Kelestini, ambaye siku ya damu alikuwa akinihimiza, sasa alitazama chini. Daktari akatoka kwenye meza yake, akachukua pakiti ya vidonge, akamwekea Careen mkononi, akamweleza polepole namna ya kumeza. Hakunitazama. Nami nilibaki na kalamu hewani, sijui niweke alama au nisiweke.

Kandida hakuja nyumbani kwangu Krismasi ya mwaka huo, wala iliyofuata.

Daktari aliondoka tarehe ishirini na nane mwezi wa sita. Friza zilikuwa zimechukuliwa, nyumba inarudi kwa mwenyewe, na majogoo wawili waliobaki alikuwa amempa mke wangu. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya mlango, mabegi mawili yako chini, anasubiri basi la Dar es Salaam lipite. Aliniamkia kama siku zote.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unakwenda kuanzia wapi?"

"Kahama kwanza. Kuna shule ya sekondari inatafuta mwalimu wa baiolojia."

Nikakaa ngazini kando yake. Nilikuwa na swali ambalo lilinisumbua tangu dungu la Kandida, nikaona nisipouliza sasa sitauliza tena.

"Daktari, ningenyamaza, ingekuwa bora?"

Nilitaka aseme hapana. Nilikuwa nimejitayarishia hata namna ya kuipokea hapana hiyo, kwa unyenyekevu.

"Kwangu? Ndiyo," alisema. "Mwezi wa tisa ningesimama kwenye kongamano nikasema kitu ninachokiamini. Nisingekuwa najua. Sasa najua, na watakisema wengine."

"Lakini kweli..."

"Kweli ningeipata mwezi wa kumi na mbili, Mzee, kama ungeniita. Ungesema tu, 'Daktari, huyu si Kandida.' Nisingekulaumu hata kidogo. Ningekosa arobaini na saba, nikabaki na sabini na watatu, na kazi ingekuwa ndogo lakini yangu." Aliyasema haya bila hasira, kama anayemweleza mwanafunzi. "Uliniambia mwezi wa tatu, macho yako yaliposemwa. Hilo silisahau."

Basi lilionekana kwenye kona, likipiga honi. Nikainuka haraka, nikanyanyua begi lililokuwa karibu nami. La pili nilinyoosha mkono nilichukue, akawa ameshalinyanyua mwenyewe.